Kusaga Meno Usingizini: Miaka Mia ya Kutafuta Mwenye Kosa

Zamu ya kuandika imenifikia, na najua mlikuwa mnangojea maharagi au mnyauko wa migomba. Safari hii nitaandika juu ya meno. Mnivumilie, migomba tutaifikia pia.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza Goma, tulikodi chumba watu watatu. Usiku mmoja mwenzangu akaniamsha kwa kunitikisa mguu. "Yaya, unakula majiwe?" Nikamwambia nilikuwa nimelala. "Njo nasema vile! Unalala na unakula majiwe. Kila siku. Inasikika kama mutu anasaga mahindi." Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, lakini usingizi haukurudi. Kumbe ile taya nzito ya asubuhi, na kile kichwa kilichokuwa kinaniuma kwenye mapanja kabla hata sijafungua daftari, vilikuwa na asili yake.

Wakati wa likizo nikamweleza mama. Hakuchelewa kujibu. "Ile ni minyoo, mwanangu. Hata baba yako mudogo alikuwaka vile." Akanunua mebendazole, nikanywa. Kama minyoo ilikuwepo, ilikwenda. Sauti ilibaki.

Mwaka wa pili nikaenda kwa daktari wa meno mmoja, jina lake silitaji. Alinipa karatasi ya rangi niiume, akaangalia alama, akasema jino langu moja la juu linagusa kabla ya mengine, na ndilo linalofanya taya isitulie usiku. Akalipunguza kwa mashine. Akanipangia kurudi mara mbili kwa ajili ya mengine. Pesa sikuwa nayo, sikurudi. Kwa majuma mengi jino lile lilikuwa linashtuka nikinywa maji ya asubuhi, na mnajua maji ya huku kwetu yalivyo baridi. Na mwenzangu wa chumba akatoa ripoti yake: majiwe bado yanaliwa.

Miaka ilipita kabla sijajiuliza swali ambalo mwanafunzi wa agronomi alipaswa kujiuliza siku ile ile. Mama alitoa wapi habari ya minyoo, na daktari alitoa wapi habari ya jino refu? Nilipoanza kusoma, nikakuta kila jibu liko na historia yake. Ni historia ya watu waliokuwa wanatafuta mwenye kosa mmoja tu, na mara nyingi meno ndiyo yaliyolipa faini.

Kusaga meno kwenyewe ni kwa zamani sana. Biblia inakutaja mara nyingi, kama alama ya hasira au ya majuto. Kitenzi cha Kigiriki cha kusaga meno ndicho kilichozaa jina ambalo madaktari wanalitumia leo, bruksizimu. Lakini dawa ya kisasa ilianza kulishughulikia jambo hili mwanzoni tu mwa karne ya 20. Mwaka 1901 daktari wa meno wa Vienna, Moritz Karolyi, aliandika kwamba mtu anayesaga meno anaweza kuharibu fizi na ule mfupa unaolishika jino. Mwaka 1907, Paris, Marie na Pietkiewicz wakachapisha makala na kuliita jambo hili bruksomania. Sikilizeni vizuri lile neno la mwisho: mania. Mtu aliyekuwa amelala tu kitandani mwake alipewa jina lenye harufu ya wazimu.

Mwaka 1931 Mmarekani Bertrand Frohman akaleta jina la bruksizimu, na mania ikaanza kuondoka. Fikira ya nyuma yake haikuondoka haraka. Kwa miaka mingi wako waliofundisha kwamba anayesaga meno ni mtu aliyemeza hasira, na usiku hasira inatafuta njia ya kutokea. Ukisaga meno, basi wewe ni mtu mbaya aliyejificha! Hebu fikiria mtoto wa miaka mitano anaambiwa hivyo.

Upande wa pili walikuwepo madaktari wa meno. Wao walisema kosa liko ndani ya kinywa: meno hayakupangana vizuri, moja limezidi, na taya inahangaika usiku kucha kutafuta pa kutulia. Aliyeipa fikira hii nguvu ni Sigurd Ramfjord, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 1961 alichapisha uchunguzi ambao alipima umeme wa misuli ya taya. Akaona kwamba akiyasawazisha meno ya mgonjwa, misuli inatulia. Uchunguzi ule ulisomwa sana, na katika nchi nyingi madaktari wakafundishwa hivyo: mtu anasaga meno, tafuta jino lililozidi, lipunguze.

Hapo nikamwelewa daktari wangu. Hakuwa mwizi. Alikuwa ananitibu kwa somo la mwaka 1961.

Shida ni kwamba wakati mimi nafungua kinywa kwenye kiti chake, somo lile lilikuwa limeshajibiwa. Mwaka 1984 John Rugh na wenzake, Marekani, walifanya jaribio ambalo mtu wa shamba atalipenda, maana halina maneno mengi. Kama jino lililozidi ndilo linaloleta kusaga, basi tukiliongeza jino kwa makusudi, mtu atasaga zaidi. Wakachukua watu kumi, wakawawekea kinywani kitu kinachogusa kabla ya meno mengine, wakapima misuli yao usiku. Kwa wengi wao kusaga kulipungua katika zile siku za kwanza. Kulipungua! Kama jino refu ndilo lingekuwa mwenye kosa, ilitakiwa kuwa kinyume.

Ni kama mkulima anayeona jani la njano na kusema moja kwa moja ni mbolea imekosekana. Inaweza kuwa mbolea, inaweza kuwa maji yametuama, inaweza kuwa ugonjwa. Ukiongeza mbolea na jani likazidi kuwa njano, rudi nyuma ufikiri upya. Tofauti ni kwamba mbolea iliyopotea utanunua nyingine. Jino lililopunguzwa halikui tena.

Jibu zuri zaidi lilitoka kwenye maabara za usingizi, na kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa ni karibu kulifuatilia, maana sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Montréal, katika kundi la Gilles Lavigne. Waliwalaza watu maabarani, wakawawekea nyaya za kupima ubongo, moyo na misuli ya taya, wakangoja. Walichokiona ni mpangilio. Katikati ya usingizi, ubongo unashtuka kwa sekunde chache tu, bila mwenyewe kuamka. Moyo unaongeza mwendo. Halafu ndipo misuli ya taya inaanza kazi yake. Meno yanakuja mwisho kabisa wa foleni. Mwaka 2001 Frank Lobbezoo na Machiel Naeije, wa Amsterdam, walikusanya ushahidi uliokuwepo wakaandika kwamba kusaga meno kunaongozwa zaidi na ubongo kuliko jinsi meno yalivyopangana. Katika makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2018 iliandikwa kwamba kwa mtu mwenye afya njema kusaga meno usingizini si ugonjwa. Ni mwenendo wa misuli, ambao unaweza kuleta madhara au usiyalete.

Na minyoo ya mama? Imani hiyo si ya Masisi peke yake, na watafiti hawakuidharau. Nchini Brazil waliwachunguza watoto wakachapisha matokeo mwaka 2008: hawakuona uhusiano kati ya minyoo na kusaga meno. Nchini Iran, mwaka 2010, wengine wakaona uhusiano. Majibu hayajakubaliana. Kwa hiyo simcheki mama. Dawa ya minyoo ni nzuri kwa mtoto kwa sababu nyingi, na zile kampeni zinazopita na vitamini A na mebendazole msizikimbie. Lakini mtoto akiendelea kusaga baada ya dawa, usimpe tena na tena kama adhabu. Watoto wengi wanasaga, na kwa wengi inaisha yenyewe wanapokua.

Mtaniuliza kwa nini nang'ang'ana na mwenye kosa wa kusingiziwa. Ni kwa sababu katika ukanda wetu tunajua anaweza kufika wapi. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya watoto wa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda ambao walichimbwa fizi wakiwa wachanga. Mtoto ana homa na anahara, fizi imevimba pale ambapo jino la chonge bado limelala ndani, na watu wazima wanaamua kwamba lile "jino baya" ndilo linaloleta ugonjwa. Uganda wanaita ebiino, Tanzania wanasema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Linachimbuliwa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Wako waliopoteza damu, wako walioambukizwa, wako waliokufa. Na kuhara, ambako kulihitaji maji, chumvi na sukari, kukabaki pale pale. Ndiyo maana nikisikia mtu amemkamata mwenye kosa haraka sana, naogopa kidogo.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu kuna jambo la usiku wa Mweso ambalo maabara haikuniambia.

Sisi tuliozaliwa upande huu tumelelewa na watu wanaolala jicho moja wazi. Wazazi wetu wanahesabu miaka kwa vita: mwaka 1993, moto ulipowaka Ntoto katika Walikale na kufika Masisi yote, mwaka 1996, Mokoto, halafu vita vingine ambavyo nyote mnavijua. Januari 2024 mapigano yalifika Mweso yenyewe, na maelfu ya watu wakakimbilia ndani ya hospitali kuu. Familia yetu ilikuwa kati yao. Tulilala chini, miguu ya mtu huyu karibu na kichwa cha yule. Usiku wa pili, risasi ziliponyamaza kidogo, nikasikia ile sauti. Mwanzoni nilidhani ni mimi. Halafu nikajua niko macho. Alikuwa mtoto wa dada yangu, miaka sita, anasaga meno usingizini. Na mbele kidogo, mtu mwingine mzima. Na mwingine.

Sauti zile hazithibitishi kitu, na mimi sikuwa na nyaya za kumpima mtu. Watafiti wenyewe wanaenda polepole hapa. Wanasema wasiwasi na mawazo vinafungamana vizuri zaidi na kukaza meno mchana, yaani kuuma taya bila kujua ukiwa macho, na kwa kusaga usingizini uhusiano hauko wazi vile. Lakini mtu ambaye ubongo wake unashtuka usiku, na ambaye mchana anatembea ameuma meno, si mwenda wazimu wala si mtu mwenye hasira aliyejificha. Watu wale wa kwenye sakafu ya hospitali sikuona kosa lao.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo migomba inaingia, kama nilivyoahidi. Ni kwetu Masisi ambapo mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kongo, mwaka 2001. Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa. Je, tumekaa bure? Hapana. Tunaondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, tunapitisha panga kwenye moto, tunang'oa uliougua. Tunalinda shamba. Hata kwa meno ni hivyo: kuzuia kusaga kabisa bado ni vigumu, lakini kuyalinda meno kunawezekana.

Kwanza tujue tunalinda nini. Gamba la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Lakini chembe zilizolijenga zinakufa jino linapotokea. Hakuna wa kulijenga tena. Ni kama udongo wa juu kwenye vilima vyetu: ukishaingia katika mto Mweso, hauupandishi tena kilimani kwa beseni. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina rangi ya njano. Ikifunuliwa, jino linashtuka kwa baridi na linalika haraka.

Kinga inayojulikana zaidi ni kile kifuniko ambacho madaktari wetu wanakiita gutiere. Daktari anachukua umbo la meno yako, kisha kinatengenezwa cha plastiki ngumu, unakivaa usiku tu. Tusikisifu kupita kiasi. Mwaka 2007 kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, lilichunguza habari ya gutiere likasema ushahidi hautoshi kusema inazuia kusaga. Huenda inasaidia meno yasiendelee kulika. Kwa hiyo utaendelea kusaga, ila utasaga plastiki. Ile ya plastiki laini, ya kununua tu na kuingiza kinywani, kwa watu wengine inawafanya watafune zaidi. Iliyotengenezwa vizuri ioshwe kwa maji baridi, siyo ya moto, maana itajikunja. Mtoto ambaye meno na taya bado vinakua asivalishwe bila daktari.

Najua wengi watasema, gutiere ni ya wenye pesa. Kweli, mimi mwenyewe niliipata baada ya kufanya kazi miezi mingi. Lakini kuna mambo yasiyolipiwa. Mchana, ukiwa hauli, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana. Midomo ifunge, meno yaachane, ulimi upumzike. Jaribu sasa hivi unaposoma: yako yamegusana? Mimi niliweka alama ya kalamu kwenye simu. Kila nikiiona, naachia taya. Pili, kanyanga, sigara na kahawa ya usiku vinafungamana na kusaga, vipunguze, hasa saa za jioni. Tatu, ukinywa maji ya marakuja au ya ndimu, usipige mswaki papo hapo, maana asidi inalainisha enameli kwa muda. Suuza kwa maji, ngoja nusu saa. Na majivu, mchanga na makaa tuviachie masufuria. Tumia dawa ya meno yenye floridi.

Mambo mawili yanahitaji hospitali. Mtu anayekoroma sana mpaka pumzi inakatika usiku na kuanza tena, aonwe, kwa sababu shida ya pumzi inaweza kwenda pamoja na kusaga meno, na yenyewe ni hatari zaidi ya meno. Na kama kusaga kulianza baada ya kupewa dawa mpya, kwa mfano dawa fulani za huzuni, mwambie daktari aliyeiandika. Usiiache peke yako.

Na akitokea mtu wa kukwambia kwamba atapunguza meno yako, moja baada ya jingine, ili usiache tu majiwe bali upone kabisa, muulize kwa heshima: daktari, kuna kitu ambacho tunaweza kujaribu kwanza na ambacho tunaweza kukirudisha nyuma? Mimi sikujua kuuliza. Jino langu lile mpaka leo ni fupi kuliko jirani yake.

Gutiere yangu ina miaka mitatu sasa. Juma la kwanza nilikuwa naamka mto umelowa mate. Leo ukiishika karibu na dirisha utaona mifereji, upande wa kushoto zaidi. Mifereji hiyo ingekuwa kwenye meno.

Juzi mama aliniuliza juu ya yule mtoto wa dada yangu, kama amnunulie tena dawa ya minyoo. Nikamwambia, "Mama, alikunywa kwenye kampeni. Muache alale. Mwezi ujao tutatazama meno yake." Akakaa kimya kidogo, akasema, "Na ile ya baba yako mudogo, ilikuwa nini?" Baba mdogo alifariki akiwa na meno yaliyolika karibu nusu, na katika familia tulizoea kusema ni ukali wake ndio uliyala. Nikamjibu kwamba alikuwa analala vibaya. Mama akasema, "Kweli. Tangu '93, alikuwa analala vibaya."

Kama una mwenzako chumbani anayekula majiwe, usimcheke mbele ya watu. Mwambie faraghani, umwambie na habari ya jino fupi la rafiki yako wa Mweso. Na ninyi wa kitivo cha udaktari, pale nilipokosea nisahihisheni bila huruma. Mwenzenu ni mtu wa migomba.